Kovu Lina Umri Wake

Kwetu pwani, mdogo akimwamkua mkubwa wake huupokea mkono wake wa kulia akaubusu. Ada hii tumesafiri nayo hata bara. Hivi majuzi nilikwenda Majengo, Pumwani, katika mitaa ile ya mashariki ya Nairobi ambayo wenyeji huiita Eastlands, kumzuru shangazi yangu aliyeolewa huko zamani. Nilimkuta barazani juu ya kigoda, leso moja kiunoni na ya pili mabegani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Watu wa nyumbani hawajambo?"

Nikainama kuubusu mkono wake. Alichonipa kilikuwa kifundo. Kiganja chenyewe alikiacha ndani ya upindo wa leso, na upesi akaurudisha mkono mapajani.

Nilikijua kisa chake. Siku moja ya Ramadhani, miaka ishirini na ushei iliyopita, alikuwa akikaanga kaimati za kuuza kabla ya magharibi. Karai liliteleza juu ya jiko na mafuta yakammwagikia mkono wa kulia. Alitibiwa, kidonda kikakauka, watu wakasema Alhamdulillahi. Lakini kadiri miezi ilivyopita ngozi mpya ilijivuta, na vidole vinne vikakunjika polepole kuelekea kiganjani mpaka vikabaki hivyo. Tangu hapo husujudu kwa ngumi. Na jambo linalomuuma kuliko yote ni kwamba hali tena na wenzake katika sinia moja. Mkono wa kulia hauwezi kukusanya tonge, na wa kushoto anaona haya kuutia chakulani mbele za watu. Kwa hiyo arusini huenda, akasaidia kupika, akaimba na wenziwe, na chakula kikipakuliwa huaga.

Nilikaa katika nyumba ile siku tatu, na katika siku hizo niliona makovu matatu: la shangazi, la mjukuu wake wa kike, na la mtoto wa jirani. La kwanza ni kongwe, la pili limo katika nguvu zake, na la tatu lilikuwa changa, halijatimiza hata mwezi. Hayo matatu ndiyo yaliyonifanya nitafute wajuzi, nisome, kisha nishike kalamu. Maana wengi wetu, nami nikiwamo, tulidhani kidonda kikishafunga basi kazi imekwisha. Kumbe kovu nalo huzaliwa, hukua na huzeeka, na tiba yake hutegemea limekutwa katika umri gani.

NGOZI HUJISHONAJE

Ngozi ya mwanadamu ni mfano wa mkeka uliosukwa vyema. Ndani yake mna nyuzi za protini iitwayo kolajeni, nazo zimepishana huku na huku kama miyaa katika ukili. Ndiyo sababu ngozi hunyooka na kurudi. Ikichanika au ikiungua mpaka ndani, mwili hauwezi kuusuka upya mkeka ule ule. Kwanza damu huganda ikaziba. Kisha mahali pale hupata joto na uvimbe, kwa kuwa mwili unapigana na uchafu na vijidudu. Halafu nyama mpya nyekundu hujaa, na ngozi hutambaa kutoka kandoni mpaka ikakutana katikati. Nyuzi mpya hulazwa kwa haraka, nyingi zikielekea upande mmoja. Hicho ndicho kiraka tunachokiita kovu.

Kiraka hakigeuki kuwa nguo ya asili. Hata kikikomaa, nguvu zake hufikia kama asilimia 80 tu ya ngozi ya mwanzo. Kovu la moto uliozama ndani halioti nywele wala halitoi jasho. Kwa hiyo msomaji akisikia mtu anatangaza dawa ya kufuta kovu lisibaki hata dalili, ajue anauziwa maneno. Kovu hupunguzwa, hulainishwa, hunyooshwa, hufifishwa. Kufutwa kabisa halifutwi.

Sasa hebu tutazame umri wake. Baada ya kidonda kufunga, kovu huendelea na kazi yake kimya kimya kwa mwaka mzima, pengine miwili. Katika miezi ya mwanzo huwa gumu, huinuka, huwasha, na rangi yake huwa nyekundu au nyeusi kuliko ngozi ya kandoni. Baadaye, kwa watu wengi, hulainika, hushuka na kufifia. Mwaka ule wa kwanza ndio ujana wake, na ndio wakati linapokubali kufunzwa adabu. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Nasi kwa kovu tuseme, linyooshe lingali bichi.

MAKOVU SI MAMOJA

Wengi wetu tunalo kovu moja tulilopewa tukiwa wachanga, nalo ni la chanjo ya kifua kikuu katika mkono wa kushoto. Watu mia wakikunja mikono ya kanzu na mashati yao, utaona tofauti. Kwa wengi ni doa bapa lisilosumbua, na kwa wengine limevimba. Sindano ni ile ile ila ngozi ni mbalimbali.

Madaktari huyagawa makovu katika mafungu. Liko kovu bapa, ambalo halina neno. Liko lililovimba lakini limebaki ndani ya mipaka ya jeraha lake. Hilo mara nyingi hushuka lenyewe kwa muda. Liko kovu la kuvuta, kama la shangazi, ambalo hukaza ngozi ya kiungo mpaka kikakunjika. Na liko lile ambalo watu husema limeota nyama, ambalo kwa jina la kitabibu ni keloidi. Hili huivuka mipaka ya jeraha na kuienea ngozi iliyokuwa nzima. Daktari mmoja wa Kifaransa, Jean-Louis Alibert, aliyeliandikia mwanzoni mwa karne ya 19, alilipa jina kutokana na gando la kaa, kwa vile linavyotanda kando. Sisi tuliokulia penye mikoko hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Keloidi hutokea zaidi kwa watu weusi kuliko weupe, huanza sana baina ya miaka 10 na 30, na huandama ukoo. Mahali linapopenda ni ndewe la sikio, kifua, mabega na taya. Sababu yake si uchafu wala kijicho cha watu, na haliambukizi. Wala si saratani. Ni kwamba mwili uliamrishwa kushona, na haukusikia ulipoambiwa basi.

SIKIO LA BIBI ARUSI

Mjukuu wa shangazi ana miaka 20 na ushei kidogo. Kwetu mwanamke kutogwa masikio ni jambo la tangu utotoni, na tundu lile la kwanza halikumdhuru. Alipokuwa na miaka 16 akaongeza la pili, juu kidogo, apate kutia kipuli cha ziada. Baada ya miezi kikatokea kivimbe kama punje ya kunde. Akaenda kwenye zahanati moja, kikakatwa, pakashonwa, akaambiwa amepona. Haukupita mwaka kikarudi, na safari hii kimekuwa kama kungumanga.

Tangu hapo havui mtandio hata akiwa na wanawake wenziwe. Na sasa ameposwa. Jioni ile alileta kahawa, akaketi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, siku ya kupambwa watanifanyaje? Watanifunua mbele ya watu wote."

Sikuwa na jawabu siku ile. Ninalo sasa, na nalitoa hapa kwa faida ya wengi. Kosa halikuwa kukata. Kosa lilikuwa kukata tu, kisha kumwacha. Keloidi likikatwa bila tiba nyingine kufuatishwa, mara nyingi hurudi, na huweza kurudi kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu kisu nacho ni jeraha jipya.

Njia ya kawaida ya kuanzia ni sindano ya dawa ya jamii ya steroidi, iitwayo triamsinoloni. Hupigwa ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki nne hivi au zaidi, mara kadhaa. Huuma, na huweza kuichujua rangi ya ngozi ya kandoni au kuifanya nyembamba, lakini hulilainisha kovu, huliteremsha na huondoa muwasho. Njia nyingine ni kuligandisha kwa baridi kali ya naitrojeni. Hii hufaa makovu madogo, ila ngozi nyeusi huweza kubaki na baka jeupe, na mgonjwa aelezwe hilo kabla. Likiwa kubwa hukatwa, lakini ukataji uandamane na sindano, au na tiba ya mionzi inayoanzwa mara baada ya upasuaji. Kwa sikio kuna pia vibanio maalum, mfano wa vipuli, vinavyolikandamiza ndewe lisiote tena.

Baada ya hayo mgonjwa aendelee kuonwa kwa mwaka mmoja au miwili, maana keloidi hurudi kwa siri. Ikichipuka punje tu, ipigwe sindano siku zile zile. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukoo wenye historia ya keloidi ujihadhari na matundu yasiyo ya lazima, na mwenye keloidi amwambie daktari kabla ya kupasuliwa jambo lolote.

MKONO WA MTOTO

Siku ya pili alikuja mama wa chumba cha pili, mwanawe wa miaka miwili mgongoni. Wiki tatu na siku kadhaa zilizokuwa zimepita, mtoto alivuta ile nguo iliyotandikwa juu ya kimeza, na sufuria ikamwagikia mkono kuanzia begani hadi chini ya kiko. Mama alifanya alivyofunzwa na majirani: akampaka dawa ya meno. Kidonda kilichelewa, sasa kimefunga, naye alikuja kumwonyesha shangazi kwa furaha.

Shangazi aliushika mkono wa mtoto kwa mkono wake wa kushoto, akajaribu kuunyoosha. Mtoto akalia. Kiko hakikunyooka mpaka mwisho. Shangazi aliutazama mkono ule, akautazama wa kwake, hakusema kitu.

Hapa, msomaji, ndipo pa kusimama. Nyumba nyingi za Eastlands ni chumba kimoja. Humo ndimo mlalwamo, ndimo mpikwamo, na jiko la makaa, stovu ya mafuta ya taa au mtungi wa gesi umekaa sakafuni, kimo cha mtoto anayejifunza kutembea. Mtoto akiungua, dawa ya kwanza ni maji safi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Maji yana faida hata yakianzwa saa mbili au tatu baada ya ajali. Najua kwamba katika mitaa hii mifereji hukauka na maji hununuliwa kwa madebe. Basi mimina kwa kopo polepole, yakinge kwa beseni, endelea mpaka dakika zitimie. Barafu usitie. Vua pete, bangili na nguo isiyogandamana na ngozi. Kisha funika kwa kitambaa safi umpeleke hospitali. Dawa ya meno, yai, unga, siagi na mafuta ya taa vyote huziba joto ndani, huleta uchafu na humfichia daktari kidonda.

Baada ya hapo kuna hesabu ya kushika. Kidonda cha moto kilichochukua zaidi ya wiki tatu kufunga mara nyingi huacha kovu baya. Kwa hiyo kikifika wiki mbili bado kiko wazi, kionwe na wajuzi wa kuungua, maana huenda kikahitaji kubandikwa ngozi iliyotolewa pajani. Na kikiwa penye kiungo, iwe kiko, goti, kwapa, shingo au vidole, ngozi itavuta. Mtoto hupenda kukunja kiungo kwa sababu ndivyo kisivyouma. Mama humhurumia akamwacha. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Tiba ya kovu changa la kiungo ni kazi ya kila siku. Kiungo hunyooshwa mara kadhaa kwa siku kama daktari wa mazoezi ya viungo atakavyoonyesha. Usiku hufungwa gango, kibao chepesi kinachokizuia kukunjika. Ngozi ikishafunga sawasawa, kovu hukandwa kwa mafuta laini yasiyo na manukato, hata ya nazi. Kwa makovu mapana kuna nguo maalum za kubana, zinazovaliwa takriban saa 23 kwa siku, miezi 6 hadi 12 au zaidi.

Na kuna silikoni, ya karatasi laini au ya kupaka. Hutiwa juu ya ngozi iliyofunga tu, si juu ya kidonda, nayo karatasi hukaa kwa saa 12 au zaidi kila siku kwa miezi kadhaa. Hulitunzia kovu unyevu wake likalainika. Wako wanaoulizia swala. Karatasi hii huvuliwa na kurudishwa. Wakati wa kutawadha iondoe, tawadha, kausha ngozi, irudishe.

Nilimwambia mama yule asingoje mwezi mwingine. Aende kituo cha afya kilicho karibu, aombe barua ya kupelekwa mbele. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina wodi ya walioungua, na ndiko wanakopelekwa wagonjwa wazito wa mji huu.

MITAA ILIYOUJUA MOTO

Watu wa mashariki ya Nairobi hawahitaji kukumbushwa moto. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka bomba la mafuta ikaingia mtaroni katika kijiji cha Sinai, upande wa Lunga Lunga. Watu wakakimbilia kuichota kwa ndoo na mitungi, ukalipuka moto uliowaua watu wapatao 100. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka Mradi, Embakasi, ikajeruhi watu zaidi ya 200. Magazeti huhesabu maiti na majeruhi, kisha habari hugeuka. Kovu halimo katika hesabu hizo, ilhali mwenye kuungua anaanza safari yake siku ile anaporuhusiwa kutoka hospitalini.

La ajabu ni kwamba Nairobi ina historia kubwa katika elimu hii. Mwaka wa 1957 madaktari watatu wa upasuaji wa kurekebisha viungo, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege Afrika Mashariki, ambayo leo ni shirika la Amref lenye makao yake makuu Nairobi. McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, alikuwa amejipatia sifa Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili, katika mji mdogo wa East Grinstead, akiwatibu marubani walioungua nyuso na mikono ndani ya ndege zao. Aliona kwamba waliotunguliwa wakaangukia baharini vidonda vyao vilipona vizuri kuliko vya wenzao, akaanza kuwaogesha wagonjwa kwa maji ya chumvi yaliyotayarishwa hospitalini. Maji hayo yalikuwa safi na ya kipimo. Asije mtu akamtumbukiza mwanawe aliyeungua baharini.

Lakini jambo alilolifanya McIndoe lililonigusa zaidi halikuwa la kisu. Alikwenda kwa watu wa mji akawataka wawaalike vijana wale majumbani, wakae nao, wasiwakodolee macho wala wasiwageuzie uso. Wakaitika. Vijana wenyewe, waliokatwa na kushonwa mara nyingi, wakaunda chama chao mwaka wa 1941 na kukutana kwa miaka mingi. Yule tabibu alijua kwamba nusu ya kovu imo katika macho ya watazamao. Nami nikamkumbuka shangazi, ambaye kwa miaka ishirini na ushei hakuna aliyemwambia, njoo keti, kula kwa mkono uuwezao, sisi tutakumegea.

NENO LA SHERIA

Usiku wa mwisho, baada ya isha, nilimweleza shangazi kwamba mkono wake bado unaweza kupasuliwa. Kovu la kuvuta hata likiwa la miaka mingi hukatwa, vidole vikaachiwa, na pengo likabandikwa ngozi nyingine. Sikumdanganya. Viungo vilivyokunjika muda mrefu navyo hukakamaa, na vidole vyake havitarudi kama vya kijana; mazoezi yake ni ya miezi. Lakini kufungua kiganja na kushika tonge ni jambo la kutumainiwa.

Akaniuliza, "Hivi nilivyo ndivyo alivyonijaalia Mola. Nikijibadilisha si dhambi?"

Swali lake ni la haki, na wengi wanalo. Tuliosoma chuoni tulifunzwa kwamba kubadili umbo la Mwenyezi Mungu kwa kutafuta urembo tu kumekatazwa, na kuchanja mwili kwa mapambo ni katika hayo. Lakini kuponya kilichoharibika ni mlango mwingine. Imepokewa katika hadithi habari ya sahaba Arfaja bin Asad, aliyepoteza pua yake vitani siku ya Kulab, zama za ujahili. Akatengeneza pua ya fedha, ikamnukia vibaya, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru atengeneze ya dhahabu, juu ya kuwa dhahabu kwa mwanamume asili yake ni haramu. Na wanavyuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu walipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka wa 2007, waliruhusu upasuaji wa kurekebisha kasoro zilizoletwa na ajali, kuungua na maradhi. Mtume mwenyewe ametuamrisha tutafute dawa, kwa kuwa hapana maradhi yaliyoteremshwa bila dawa yake. Basi mwenye sikio la keloidi na mwenye kidole kilichokunjika hawaombi urembo. Wanaomba afya.

MITEGO YA NJIANI

Kabla sijafunga, niwaonye wasomaji juu ya mambo machache. La kwanza ni mkorogo. Madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi au mkwaruzo mara nyingi hufifia yenyewe kwa miezi, hasa yakikingwa na jua. Watu hawangoji, wanapaka mafuta ya kuchubua yenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Zebaki huingia mwilini ikadhuru figo, na steroidi isiyo na usimamizi huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya sigara.

La pili ni chale. Kukata kovu kwa wembe na kulipaka dawa ni kuongeza jeraha juu ya jeraha, na wembe wa watu wengi hubeba maradhi ya damu.

La tatu ni kubwa, na wachache wanalijua. Kovu la zamani la moto likifunguka likawa kidonda kisichopona, hata baada ya miaka mingi ya utulivu, lionwe na daktari haraka. Katika makovu kongwe ya kuungua huweza kuzuka saratani ya ngozi, na ikikutwa mapema hukatika. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Nilirudi pwani. Baada ya wiki chache mjukuu alinipigia simu: amepigwa sindano ya kwanza, imemuuma sana, na muwasho umeanza kupoa. Arusi imesogezwa mbele kidogo, na upande wa bwana hawakuteta. Mtoto wa jirani analala na gango, na mama yake ameambiwa mkono una matumaini kwa kuwa alifika mapema. Shangazi bado hajakubali kwenda. Asema umri wake umepita, asema subirini arusi kwanza. Nami sijaacha kumshika maneno, kwa sababu nataka siku ile sinia ikiteremshwa asiage. Na kama mkono utakuwa bado haujatibiwa, basi nimewaagiza walio karibu naye wampe nafasi sinianI kwao, wamwekee na kijiko, na asiwepo wa kumtazama mara mbili.

Kwa wote walio na alama ya moto, ya kisu au ya sindano, nawaachia ubeti huu mmoja:

Kovu si aibu kwako, ni dalili umepona,
Lifunue kovu lako, tabibu apate ona,
Fanya hima uendako, siku hairudi tena,
Dawa ni subira yako, na rehema za Rabana.